Moto uko Saadani, daftari liko Zurich

Kama umepata kupanda basi la Bagamoyo pale Makumbusho alasiri ya mwezi wa Oktoba, harufu hiyo unaijua. Ukishapita Bunju na Mapinga, kabla hujafika Kiromo, pua inakuambia kuwa kuna pori linaungua. Ukivuka mji ukashika njia ya Makurunge kuelekea Mto Wami, moshi unauona kwa macho. Ndani ya basi hakuna anayeshtuka. Konda anadai nauli, redio inapiga muziki, na mama wa siti ya mbele anafunga dirisha ili mtoto asikohoe. Moto wa porini tumeuzoea kama tulivyozoea kukatika kwa umeme.

Kisha wanakuja wazito. Shangingi linaegeshwa kando ya barabara, kioo kinashushwa, mheshimiwa anatamka maneno ambayo hata wewe kijiweni kwako unaweza kuyakariri: wachomaji wote wakamatwe. Mgambo wanapewa amri. Anakamatwa mzee aliyekuwa akisafisha shamba la mihogo, au kijana wa tanuri la mkaa, anapigwa faini, habari inaishia hapo. Mwaka unaofuata pori linaungua tena, mheshimiwa mwingine anashusha kioo kingine.

Leo hatuandiki kumtetea mchomaji. Anayewasha moto akaenda zake kulala, ukamfikia jirani na kula mikorosho yake, ana kesi ya kujibu. Tunauliza jambo jingine kabisa, ambalo kwenye majukwaa halisikiki. Nchi hii ina Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro tangu mwaka 1984, chenye wasomi wa misitu. Ina Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, nayo makao yake yako Morogoro. Ina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, tangu mwaka 1986. Je, moto huu unaowaka kila mwaka unachunguzwa na nani, na kwa fedha za nani?

Tuanze na Saadani, maana huko ndiko kisa kinakoonekana vizuri. Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilitangazwa mwaka 2005. Ina zaidi ya kilomita za mraba 1,000 kati ya Bagamoyo na Pangani, na ndiko mnyama wa mbugani anakokutana na Bahari ya Hindi. Upande wake wa kaskazini ulikuwa ranchi ya Mkwaja. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwaka 2000, kampuni ya Amboni ilifuga ng'ombe humo kwa ajili ya nyama ya kuwalisha manamba wa mashamba ya mkonge. Kwa karibu nusu karne ranchi ilipigana na mbung'o, ikapigana na migunga iliyokuwa ikimeza malisho. Mwishowe ikasalimu amri, ng'ombe wakaondoka.

Walipoondoka likabaki swali zito. Migunga ile ililetwa na nini: kwato za ng'ombe, udongo, au moto uliokuwa ukiwashwa kila kiangazi? Na sasa wanyamapori wanaporudi, moto uachwe uendelee au uzuiwe? Swali hilo lingemfaa sana kijana wa Tanzania mwenye shahada ya misitu na nguvu za kutembea porini. Waliokuja kulijibu ni watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, nchini Uswisi. Walipima, wakahesabu miti, wakachora ramani za uoto. Matokeo yakaanza kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la wanaikolojia wa Uingereza, na tasnifu za udaktari zikafuata mwaka 2004. Kijana wa Matipwili anayetaka kujua kwa nini pori la nyuma ya nyumba yao limegeuka miiba, jibu lake limeandikwa. Liko kwa Kiingereza cha kitaalamu, ndani ya majarida ambayo hata maktaba zetu hubabaika kulipia.

Waswisi hatuwalaumu hata kidogo. Walitoa fedha zao, wakafanya kazi ya maana ambayo sisi wenye pori hatukuifanya. Wa kulaumiwa ni mwenye nyumba anayengoja mgeni aje kumhesabia vyumba.

Wala si Saadani pekee. Ukitaka kujua ni eneo gani la Tanzania linaloungua kwa mwaka, utaipata hesabu hiyo katika ripoti ya mwaka 2013 ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO. Picha za setilaiti za tangu mwaka 2000 zilionyesha karibu hekta milioni 11 kila mwaka. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nchi. Nani alilipia hesabu hiyo? Finland. Ukiuliza kuhusu utafiti mkubwa wa misitu na tabianchi uliofanyika SUA na vyuo vingine kuanzia mwaka 2009, utaambiwa ni fedha za Norway. Wasomi wetu wapo na kazi wanaifanya, tena kazi nzuri. Serikali inawalipa mshahara. Lakini mafuta ya gari, vifaa, posho ya mwanafunzi wa kukaa porini miezi mitatu, mara nyingi hivyo vinangoja mfadhili. Mradi ukiisha, gari linaegeshwa, na moto unaendelea bila kupimwa.

Nenda Kilimanjaro uone hali ni ileile. Oktoba 11, 2020 moto ulizuka mlimani na kuteketeza karibu kilomita za mraba 95. Dunia nzima ilitazama. Mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa vyuo, wengine wakipiga ndimi za moto kwa matawi ya miti. Oktoba 2022 mlima ukaungua tena. Sasa sikiliza hili. Mwaka 2005, yaani miaka 15 kabla ya moto ule, mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, alikwisha kuandika kuwa moto unaushusha mpaka wa msitu wa Kilimanjaro, na kwamba maji yanayopotea kwa kuungua msitu wa mawingu ni mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka barafu. Barafu tuliililia sote, na watalii walikuja kuipiga picha kabla haijaisha. Onyo la moto lilibaki kwenye makaratasi. Kijana wa chuo anakumbukwa siku ya kuzima, anapewa tawi. Siku ya kupima hakumbukwi, na kalamu hapewi.

Labda unasema: mimi ni mtoto wa mjini, nashinda Kariakoo nalala Tegeta, pori linanihusu nini? Fungua bomba. Maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 huko huko Bagamoyo, baada ya kupanuliwa una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Ruvu Juu ni lita milioni 196. Ruvu huo chanzo chake ni milima ya Uluguru. Mteremko ukiungua mwezi wa Septemba, mvua za vuli zinaukuta uko uchi. Maji hayapati muda wa kuzama, yanateremka na udongo, mto unafura siku mbili ukiwa na rangi ya matofali, kisha unakonda. Oktoba 2022 ulipopangiwa mgawo wa maji na kununua dumu kwa bei ya kuumiza, tatizo kubwa lilikuwa ukame. Lakini mlima uliovuliwa nguo kila mwaka hauwezi kukuwekea akiba ya siku ya ukame. Na hapa ndipo pa kucheka kwa uchungu: Chuo Kikuu cha Sokoine kimejengwa chini ya milima hiyo hiyo. Usiku wa kiangazi mwanafunzi hahitaji darubini kuuona moto, anaukuta dirishani.

Au labda wewe ni mmoja wa wale waliojikusuru, wakauza pikipiki na kukopa, wakanunua ekari mbili Fukayosi au Kiwangwa ili walime mananasi, kwa kuwa ajira mjini hakuna. Nanasi linataka mwaka na zaidi mpaka livunwe. Moto unataka nusu saa. Wewe huna bima, jirani hana cha kukulipa, na afisa atakuja kuandika ripoti. Ungependa kujua njia ya moto, yaani ule ukanda unaofyekwa kuzunguka shamba, iwe na upana gani kwa nyasi ndefu za pale, na ifyekwe mwezi gani. Ni swali la pesa hilo.

Tuseme wazi ni kitu gani hasa cha kuchunguza, maana kuna watakaodhani kuwa tunadai wasomi wapelekwe porini kunusa moshi. Pori halichomwi na shetani. Mkulima anachoma kusafisha shamba, mfugaji anachoma ili majani mabichi yachipue, mrina asali anafukuza nyuki, mwindaji anafukuza mnyama, mchoma mkaa tanuri linamponyoka. Kila mmoja ana mwezi wake na sababu yake. Moto wa Juni, masika yakiwa yametoka kuisha, nyasi zingali na unyevu, hutambaa chini na mara nyingi hufa wenyewe umande ukishuka. Moto wa Oktoba unapanda hadi kwenye matawi, unaua miche na kuingia ndani ya mti mkavu na kukaa humo siku kadhaa. Kumkamata aliyechoma Juni sawasawa na aliyechoma Oktoba ni ubabaishaji. Huenda yule wa Juni ndiye aliyeliokoa pori la yule wa Oktoba.

Tena Saadani ina fumbo lake. Ndani ya hifadhi ileile kuna mbuga za nyasi, ambazo zisipoungua kabisa zinageuka vichaka, na kuna msitu wa Zaraninge, mabaki ya ile misitu ya mwambao wa Afrika Mashariki yenye mimea na viumbe wasiopatikana pengine popote. Msitu ule moto unaumega pembeni, mwaka huu hatua tano, mwakani hatua tano. Kwa hiyo ukisema "moto marufuku" umekosea, na ukisema "chomeni tu" umekosea. Jibu linataka mtu wa kukaa pale miaka kumi akipima.

Kwa nini tusichukue vitabu vya wenzetu tukaviiga? Navyo vipo. Huko Ndola, Zambia, wakoloni walitenga vipande vya msitu wa miombo mwaka 1933: kimoja kikachomwa mapema kila mwaka, kingine kikachomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kikalindwa kisiungue. Ikaonekana kuwa moto wa kuchelewa unaumaliza msitu, na moto wa mapema unauacha uzae. Kruger, Afrika Kusini, wameendesha majaribio ya namna hiyo tangu mwaka 1954. Lakini Ndola ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kimoja kirefu. Mwambao wetu una masika na vuli, kwa hiyo una viangazi viwili, kile cha Juni hadi Oktoba na kile kifupi cha Januari na Februari kabla ya masika. Kalenda ya Ndola ukiileta Makurunge utachoma siku isiyo yake. Wazee wa Kikwere, Kizigua na Kidoe wanayo kalenda ya hapa kichwani, na wanaondoka nayo mmoja mmoja. Hakuna aliyetumwa na serikali kwenda kukaa nao na daftari.

Sasa tuingie kwenye fedha, maana wakubwa wakisikia neno utafiti husema nchi ni maskini. Mwaka 2006 mjini Khartoum, na tena Januari 2007 mjini Addis Ababa, nchi za Afrika ziliahidi kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Hapa nyumbani Rais wa Awamu ya Nne, Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga, Bagamoyo hii hii, aliirudia ahadi hiyo. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zinaonyesha tulikuwa karibu nusu ya asilimia moja. Tukumbushe tu kwamba mwaka 2016 Mheshimiwa Kikwete aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo ahadi ilimfuata mpaka Mlimani.

Tuwe waungwana, yapo yaliyofanyika. Katika bajeti ya mwaka 2022/23 serikali ilitenga shilingi bilioni 1 za kuwazawadia wahadhiri wanaochapisha katika majarida makubwa ya dunia. Ni jambo jema, lakini lina kasoro. Zawadi inamfuata mtu aliyekwisha kumaliza kazi, na aliyemaliza ni yule aliyepata mfadhili wa kuianza. Ni sawa na kumpa kikombe aliyevuna, na mwenye shamba la pili hukumpa mbegu. Tangu mwaka 2021 kuna pia ule mradi wa vyuo vikuu wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia. Umeleta majengo na maabara, na ni mkopo, utaulipa wewe. Maabara nzuri bila fedha ya kwenda porini ni sebule ya kupokea wageni.

Wala hatusemi serikali itembeze bakuli upya. Fedha ipo, nawe unaichangia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima ya moto, ndiyo hiyo wanayomkamatia mzee wa mihogo. Sheria hiyo hiyo iliunda Mfuko wa Misitu Tanzania, unaopata sehemu ya mrabaha wa mazao ya misitu, na utafiti umo katika shughuli ambazo mfuko huo unaruhusiwa kuzigharimia. Mkaa ni zao la misitu. Kila gunia linalopita kihalali kutoka Bagamoyo hadi Manzese limelipiwa. Mama yako anapopika ugali kwa kopo la mkaa wa mafungu ameshatoa mchango wake. Ukurasa wa adhabu wa sheria umesomwa mpaka umechanika, na ukurasa wa mfuko nao ufunguliwe.

Tunachotaka hakihitaji mabilioni ya kutisha. Zitengwe pande nne za pori ndani ya Saadani, nyingine nne kwenye msitu wa serikali wa Ruvu Kaskazini, na nyingine Uluguru. Moja ichomwe Juni, moja Agosti, moja Oktoba, moja isiguswe. Vipimo vya mvua viwekwe. SUA na TAFORI wasimamie, Hifadhi za Taifa na Wakala wa Misitu watoe askari wa kulinda, COSTECH isimamie hesabu. Kila upande wapewe kazi vijana wawili wenye shahada, na wengine wawili wa kijiji husika ambao hawana shahada ila pori wanalijua. Wafanye hivyo miaka kumi bila kukatizwa kila akija waziri mpya. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye ofisi za kijiji Makurunge, Matipwili na Kiwangwa, kabla hayajapelekwa kwenye jarida lolote. Bei ya mashangingi machache ingetosha kuianza kazi hii.

Jiji hili tunaliita Bongo kwa sababu bila kutumia bongo hulali humo. Vijana wenye bongo zilizosomea misitu wapo mitaani, mmoja wao huenda ndiye anayekuendesha kwenye bodaboda. Serikali ilimsomesha kwa mkopo wa Bodi, inamdai, na wakati huo huo inasubiri Mzungu aje amchunguzie pori lake. Ureno mwaka 2017 iliungua, wakafa watu zaidi ya 100. Mfuko wao wa taifa wa sayansi ukatangaza fedha maalumu kwa vyuo vikuu kuchunguza moto wa misitu. Walishazika, ndiyo maana walifanya haraka.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni. Mbunge wako akipita mtaani kabla ya hapo, usimuulize habari za barabara peke yake. Muulize kwenye kitabu cha bajeti, fungu la utafiti wa moto wa misitu kwa SUA na TAFORI liko ukurasa gani na lina shilingi ngapi. Akikuambia atalifuatilia, chukua namba yake ya simu. Juni nyasi za Makurunge zinaanza kukauka.